Mazoezi ya Kupanda Mgeta

Nianze na uchovu, maana ndio nilioujua vizuri zama zile. Mke wangu alipopooza, mimi nilikuwa nimeshachoka tayari. Kiwanda cha ngozi nilichokitumikia tangu ujana kilikuwa kimeuzwa. Mwekezaji alikuja, akatutazama kama mtu anayetazama viti vibovu katika nyumba aliyoinunua, akabakiza wachache wenye nguvu, sisi wengine tukaambiwa asanteni. Ukipita mitaa ya Morogoro asubuhi ya siku ya kazi uliwakuta wanaume wazima barazani, wamenyoa ndevu, wamevaa mashati yao ya kazini, hawana pa kwenda. Redio ilisema uchumi unafunguliwa. Sokoni mitumba ilijaa, dukani sabuni za kila rangi, na sisi tulikuwa tumekaa. Nami nilikaa mpaka nikaanza kuchoka kwa kukaa.

Kisha siku moja mke wangu alikuwa anapepeta mchele uani, ungo ukamtoka, akaanguka nao. Presha, walisema hospitalini. Kiharusi kilimshika upande wote wa kulia, mkono, mguu na mdomo. Walimlaza, wakamtibu, wakamruhusu, na daktari kijana akaniambia kwa adabu, "Mzee, sasa kilichobaki ni mazoezi." Nikaitikia ndiyo. Sikujua mazoezi ni nini kwa mwanamke wa umri ule. Nilidhani mazoezi ni mambo ya askari na wacheza mpira.

Nikaanza kazi ya kumhudumia. Kumwogesha, kumlisha uji, kumgeuza, kumbeba mgongoni hadi chooni nyuma ya nyumba. Watu walikuja kunipa pole, wakasema, "Jikaze, mzee, ndiyo mitihani," wakanywa chai, wakaondoka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wanetu ni wa kiume watupu, wako Dar es Salaam, wanahangaika na biashara zao. Walituma walichoweza na kuahidi kuja. Mimi nilibaki na mgongo wangu.

Mke wangu ni Mluguru wa Mgeta, mimi Mnyamwezi wa Tabora. Wanaojua mambo ya makabila wameshacheka, kwa sababu Mluguru na Mnyamwezi ni watani. Babu zetu walipita hapa wakibeba mizigo kwenda pwani, na utani ukazaliwa njiani. Miaka yote ya ndoa yetu aliniita mpagazi, nami nilimwambia kwamba Waluguru hawajui kutembea, wanajua kuteleza kwa makalio tu. Ndivyo tulivyoishi, tukitukanana vizuri. Alipopooza nikaacha. Utani wangu ulikufa siku niliyoanza kumwogesha. Nikawa mpole, nikawa nasema naye kama padri anavyosema na mgonjwa, na yeye akazidi kunyamaza na kugeukia ukutani.

Alikuwa na jambo moja tu lililomkaa moyoni, na hilo niliseme wazi tangu sasa. Kwa Waluguru shamba hufuata upande wa mama. Yeye alirithi shamba la mama yake huko juu Mgeta, kipande cha mteremko chenye udongo mweusi, kinachoota kabichi, njegere, maharage, chochote unachokitupa. Kila msimu alipanda akalime na kupanda, akarudi na magunia. Mwaka ule shamba likalala. Mjomba wake, mzee wa ukoo, akaleta salamu kupitia watu wa malori ya mboga: ukoo haupendi kuona shamba linarudi kuwa pori, na yuko mpwa, mtoto wa marehemu mdogo wa mke wangu, ana watoto na hana pa kulima. Kabla ya mvua za masika ukoo utakaa. Mwenye shamba akifika, akasimama juu ya shamba lake, akasema mwenyewe kwamba analima, hakuna atakayebisha. Asipofika, shamba litapewa mwingine. Hakukuwa na ubaya katika salamu zile. Ndiyo kawaida yao.

Mke wangu alizisikiliza akiwa amelala mkekani. Akafumbua mdomo uliopinda, akahangaika nao muda mrefu, na neno lililotoka lilikuwa "shamba." Nikamwambia usijali, mama, kwanza upone. Nilisema hivyo kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka. Moyoni nilikuwa nimeshalitoa lile shamba. Kutoka barabarani malori yanapoishia hadi kwao ni njia ya miguu, na sehemu nyingine imesimama wima kama ngazi ya kupandia darini. Mbuzi wenyewe hupumzika.

Aliyemwinua mke wangu hakuwa daktari, wala mimi. Ni mwenzangu wa kiwandani, Mnyamwezi kama mimi, tuliyesimama naye miaka mingi kwenye mapipa ya chokaa tukilainisha ngozi. Asubuhi moja aliingia uani bila hodi, kamba ya katani mkononi. Hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja pale mkekani, akaiweka kamba utosini mwa mke wangu, akainyoosha hadi unyayoni, akafunga fundo.

"Unafanya nini wewe?" nikamwuliza.

"Napima kaburi. Nimesikia kuna Mluguru amekufa humu zamani, hajazikwa. Sisi watani wake tuna njaa, pilau la msiba hatujalila, na mfiwa yupo tu anapika uji." Akaitazama kamba yake, akatikisa kichwa. "Mfupi kweli. Waluguru mmejaliwa, hata kuwachimbia si kazi."

Nilitaka kumtoa nje. Mtu haji kwa mgonjwa akasema hivyo. Lakini mtani husema, na ukimkasirikia aibu ni yako. Nikiwa bado najiuliza, nikaliona bakuli la uji likipita mbele yangu. Mke wangu alikuwa amelirusha kwa mkono wa kushoto. Lilimpata yule bwana kifuani, uji ukamtiririka hadi kwenye mkanda.

"Mpagazi," mke wangu akasema. Lilitoka limepinda, lakini lilitoka. "Toka."

"Maiti inatukana!" yule bwana akapiga kelele, na majirani wakaanza kuchungulia. "Basi sikiliza, shemeji. Uwanjani pale shuleni kuna sista anawafanyisha maiti mazoezi kila asubuhi. Kesho uje mwenyewe. Usipokuja, tunakuja kukuzika."

Kesho yake alikuja kweli. Alikuja na Wanyamwezi wengine wawili wa mtaani, wamebeba kitanda cha kamba kitupu, wamekiweka begani kama jeneza, wanaguna wimbo wa maziko. Wakakitua mlangoni. Mtaa mzima ulitoka. Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Mke wangu aliwatazama, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu aanguke niliona hasira machoni mwake badala ya ile hali ya kukata tamaa. Akaninyooshea mkono. Nikamsimamisha. Akauburuta ule mguu kupita mlangoni, kupita kitandani, hadi barabarani, kanga imemlegea, jasho linamtoka, na wale watu watatu wakamfuata nyuma na kitanda chao wakilalamika kwa sauti kwamba pilau limewaponyoka. Hatukufika mbali siku ile. Katikati alichoka na ikabidi alale juu ya kitanda hichohicho, wakambeba hadi uwanjani. Lakini alifika akicheka, na mimi nilitembea nyuma yao nikifuta machozi. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu siku ya ule ungo.

Uwanja wenyewe ni wa shule ya msingi, upande wa Kilakala, nyasi kidogo na vumbi jingi, mlima umesimama nyuma. Sista alikuwa muuguzi mstaafu. Zamani alifanya kazi Mazimbu, kwenye kambi ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini, na huko alijifunza kuwarudisha watu kwenye miguu yao. Alikuwa mama mkavu, hasemi sana. Alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akaomba uwanja kabla wanafunzi hawajaingia, akatangaza kwamba kila mzee aje na kiti chake. Wakaja. Wenye presha, wenye sukari, wenye magoti, wajane waliokuwa wamejifungia, wanaume wa barazani waliochoshwa na baraza. Walinyanyua mikono, wakasimama na kukaa kwenye viti vyao, wakainua chupa za maji zilizojazwa mchanga. Kinamama walijifunga kanga kiunoni. Kinababa walikuja na suruali za suti, maana hakuna aliyekuwa na nguo ya michezo, na aliyekuwa nayo angeona haya kuivaa.

Juma la kwanza kazi ilitaka kuvunjika kwa sababu ya nyimbo. Huwezi kuwafanyisha wazee wa nchi hii mazoezi bila wimbo, miguu haiinuki. Na nyimbo tulizozijua sote zilikuwa za mchakamchaka, tulizoimba enzi za mgambo, zenye kusifu chama. Mzee mmoja akaanzisha, wengi wakapokea kwa furaha, na nusu ya uwanja ikaketi. Vyama vingi vilikuwa vimeshaingia. Waliokuwa wamehamia upande wa pili walisema hawawezi kuinua mguu kwa wimbo wa chama kisicho chao. Wengine wakasema basi wainue kwa wimbo wao. Wazee wenye magoti mabovu walitaka kupigana kwa chupa za mchanga. Sista akawaacha wabishane mpaka wakahema, kisha akasema, "Mmeona? Mapigo ya moyo yamepanda, hayo nayo ni mazoezi. Kesho hakuna wimbo. Kila mmoja atahesabu kwa lugha ya mama yake, kwa zamu."

Ikawa hivyo. Leo Kipogoro, kesho Kichaga, kesho kutwa Kihehe, wote tukirudia vibaya na kuchekana. Zamu ya mke wangu ilipofika, watu walishusha chupa zao, kwa kuwa kila mtu alijua hali ya mdomo wake. Alihesabu kwa Kiluguru. Polepole, akimeza mate kila baada ya neno, lakini alihesabu mpaka mwisho bila kusaidiwa. Wale waliotaka kupigana juzi walimpigia makofi pamoja.

Nimesema "tukirudia," lakini ukweli mimi nilikuwa nimekaa kwenye ukuta wa shule. Kila asubuhi nilimleta, nikamwekea kiti chake, nikakaa ukutani na mkoba wake mapajani. Sista alikuwa akinitupia neno, "Mzee, karibu mstarini."

"Mimi mzima, sista. Nimemleta mgonjwa."

Niliona ni jibu zuri. Nilikuwa nimesimama kiwandani karibu maisha yangu yote, nikasukuma mapipa na kubeba ngozi mbichi. Mguu wangu niliuona umeshatimiza wajibu wake. Tena nilikuwa nimechoka kweli. Ule ukuta ulikuwa mahali pekee duniani ambapo hakuna aliyetaka nimbebe.

Nikiwa pale juu niliyaona mengi. Niliwaona watu waliokuja wamekunja nyuso wakiondoka wanapiga soga. Mzee mmoja wa msikiti wa jirani, aliyekuwa anaswali amekaa kitini, siku moja alikuja akatutangazia kwamba amesujudu mpaka chini na akainuka mwenyewe. Mama mmoja mjane alisema ameanza kulala usingizi. Na asiyefika, wote walihamia kwake; walikwenda na viti vyao uani kwake, wakafanya mazoezi palepale mpaka atoke kwa aibu. Watu hawa kabla ya hapo walikuwa wanapishana njiani bila kujuana hali. Niliona yote hayo, nikayapenda, na sikuteremka ukutani.

Mke wangu hakuwa anafanya mchezo. Sista alimpa fimbo, akamfundisha kupanda kwa mguu mzima na kushuka kwa mguu mbovu. Mazoezi yakiisha, wengine wakirudi nyumbani, yeye alielekea ile barabara inayopanda kuelekea mlimani. Alianza kwa kwenda hadi mti wa kwanza. Nikamfuata nyuma na mwavuli, nikinung'unika. "Nani amekwambia tunakwenda Mgeta?"

"Mimi," akasema. Mdomo ulikuwa umeanza kumnyooka. "Wewe beba mwavuli."

Hapo utani ulirudi nyumbani kwetu. Nilipomkatalia jambo aliniambia, "Mpagazi mvivu hajawahi kutokea, wewe ndiye wa kwanza." Nilifurahi kutukanwa. Lakini nilipofikiria Mgeta nilifikiria kama ndoto ya mgonjwa, kitu unachomwachia ili apate nguvu ya kuamka. Nilijiambia akishapata miguu ya kutosha kwenda jikoni na sokoni, tutarudia maisha yetu ya zamani, nami nitapumzika. Niliyatamani yale mapumziko kuliko chakula.

Siku za ukoo kukaa zikafika. Tulipanda na lori lililokuwa linarudi tupu kuchukua kabichi, yeye mbele na dereva, mimi nyuma juu ya magunia matupu, barabara ikinipigapiga kila kona. Tulilala kwa ndugu yake pale malori yanapoishia. Alfajiri ukungu ulikuwa mzito na baridi ya Mgeta ikaniingia magotini kama maji. Yule mpwa mwenye kulitaka shamba aliteremka kutupokea. Nilitegemea nimwone mtu wa shari. Alipiga goti, "Shikamoo mama mkubwa, shikamoo baba," akauchukua mkoba wa mke wangu, akauweka kichwani, akatangulia akituonyesha mahali palipo na utelezi. Ndivyo walivyo. Angelichukua lile shamba bila chuki, na sasa alimsindikiza mwenye nalo bila kinyongo.

Tukapanda. Mke wangu aliweka fimbo, akaweka mguu mzima, akauvuta ule mwingine, akavuta pumzi jinsi sista alivyomfundisha, akaweka fimbo tena. Hakuwa na haraka wala hakusimama. Mimi nilianza kwa mbwembwe, nikitoa ushauri nyuma yake. Baada ya kona chache ushauri ulikwisha. Kisha pumzi ikaisha. Magoti yakaanza kutetemeka, moyo ukapiga hadi masikioni, nikashika jiwe, nikakaa juu yake. Nilijua palepale kwamba siendelei.

Alisimama juu yangu, akageuka. "Unakuja?"

"Tangulia. Nakuja."

Alielewa, maana amenijua miaka mingi. Ukoo ulikuwa umekaa kule juu na mjomba wake si mtu wa kungojeshwa. Akageuka akaendelea, fimbo, mguu, fimbo, mguu, mpaka ukungu ukammeza. Mimi niliyembeba mgongoni kwenda chooni nilibaki juu ya jiwe, watoto wa shule wakinipita mbio na kuni kichwani, kila mmoja akinipa shikamoo. Sijapata kuona haya kama siku ile.

Mchana yule mpwa aliteremka kunipa habari. Mama mkubwa alifika. Alipelekwa shambani, akasimama katikati bila kushikwa, akasema ni lake na analima. Mjomba akasema basi, imekwisha. Ndipo yeye mwenyewe akamwambia mpwa achukue upande wa chini alime kwa ajili ya wanawe, wasaidiane. "Amesema atabaki apande, baba. Amesema usingoje."

Nikashuka mjini juu ya kabichi.

Nyumbani niliyapata mapumziko niliyoyataka. Hakukuwa na wa kumwogesha, wala kumgeuza, wala kumwekea kiti. Nilikaa. Nilipika ugali wangu mdogo, nikaula nimeutazama ukuta. Nilikuwa nimechoka kwa kumhudumia, na sasa nilichoka zaidi kwa kukosa wa kumhudumia. Kupanda kukaisha, hakushuka. Palizi ikaanza, hakushuka. Kila lori liliposhuka dereva aliniletea karoti, au kabichi, au majani ya maboga yamefungwa kwa kamba ya mgomba, pamoja na salamu. Salamu zenyewe zilikuwa zilezile: anauliza miguu yako haijambo?

Siku moja nilikuta viti vimejaa uani kwangu. Walikuja wote, pamoja na yule mwenzangu wa kiwandani, wakaanza kuhesabu kwa sauti, moja hadi mwisho, wakinyanyua chupa zao. Sista aliniletea kiti changu mwenyewe kutoka ndani, akakiweka mbele. Hakusema lolote kuhusu mgonjwa na mzima. Nikasimama mstarini.

Sitaki kuyasifu mazoezi kama mtu anayeuza dawa ya mitishamba stendi. Yanachosha. Asubuhi za mwanzo nilirudi nyumbani nikalala kama mgonjwa. Lakini baada ya muda niligundua naweza kuinama kufunga kamba za viatu bila kushika ukuta, na kwamba naingoja asubuhi. Zamu yangu ya kuhesabu Kinyamwezi ilipofika wakanicheka matamshi, wakasema nimeshakuwa Mluguru. Nilianza kuipanda ile barabara ya mlimani peke yangu, hadi mti wa kwanza, kisha wa pili. Nilikuwa na nia moja: nipande nikamchukue mke wangu.

Maharage yalikuwa yanachanua nilipokwenda. Nilikaa njiani mara nyingi, lakini kila nilipokaa niliinuka. Nilipotokea ukingoni mwa shamba nilimwona ameinama anapalilia, jembe la mpini mfupi mkono wa kushoto, mkono wa kulia umeegemea goti. Amekuwa mweusi, amekonda kidogo, na anaongea na yule mpwa aliye upande wa chini, wanacheka. Nilisimama. Nilimpenda pale kuliko siku niliyomwoa, na niliogopa.

Aliponiona alicheka kwa sauti. "Mpagazi amefika!" Akaja akanipokea mfuko, akaniongoza nyumbani kwa mama yake, akanichinjia jogoo. Usiku alinitandikia kitanda kizuri. Kesho yake nayo nilikaa, nikaletewa chai, nikaletewa mapichi, ndugu wakaja kunisalimu mmoja mmoja. Nilijaribu kusema nilichokuja kukisema, kwamba nimekuja tushuke wote, na kila nilipofungua mdomo alikuwa anainuka kwenda kutazama kitu shambani, na nikimwona anavyokwenda, maneno yananirudi tumboni. Mtu aliyekuwa amegeukia ukutani sasa anainuka kabla ya jogoo. Nimshushe akafanye nini? Akae na mimi barazani?

Wahenga wamesema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu niliamka mapema, nikavaa, nikasimama mlangoni.

"Jembe liko wapi?" nikauliza.

"La nani?"

"Langu."

Aliniangalia magotini. Nilikuwa nimesimama, lakini yalikuwa yanatetemeka bado kutokana na ile njia, na yeye macho yake yalikuwa mazima. "Mteremko huu utakuua, Mnyamwezi," akasema taratibu. Hakuwa anatania. "Nikuzike wapi huku? Kwenu ni Tabora. Rudi kwa sista. Siku utakayopanda bila kukaa njiani, nitakupa jembe."

Akanifungia viazi na njegere kwenye kikapu, akajitwisha mwenyewe. Nikamwambia abaki, ninaijua njia. Akasema mtu haondoki peke yake kwenye nyumba ya watu. Tukashuka, yeye mbele na fimbo yake, na penye utelezi aligeuka akanipa mkono ule mzima. Nilijaribu kutouegemea. Niliuegemea.

Barabarani lori lilikuwa limeshajaa kabichi. Wapakiaji wakanivuta juu, wakanipa nafasi kati ya magunia. Yeye akaninyooshea kikapu, akanyoosha kanga yake, akasema kama wote huko wanavyomwaga mgeni, "Haya, baba. Karibu tena."

"Asante," nikamwambia mke wangu.

Hakungoja lori liwake. Aligeuka akaanza kupanda, fimbo, mguu, fimbo, mguu, bila kukaa, mpaka nikashindwa kumwona.